Mkono Juu ya Utosi wa Avdhut

Kila mchana, kabla ya kuwapakulia watu chakula, Vatsala aliupa mlango wa jiko mgongo na kumtilia mwanawe dawa kwenye mtindi. Kichupa alikificha ndani ya mkebe wa manjano ya kupikia, mahali ambapo mwanamume wa mji wa Kolhapur, kule India, hatii mkono hata nyumba ikiungua. Alidondosha matone kwenye bilauri ya chuma ya Avdhut, akamimina mtindi mwepesi, akakoroga, akanyunyiza bizari nyembamba na kotmiri juu. Dawa ile haikuwa na rangi wala harufu. Avdhut alikunywa mpaka mwisho, akajifuta masharubu kwa kiganja, akasema, "Mama, mtindi wako hauna mpinzani." Vatsala akacheka kama mama yeyote anayesifiwa, akaichukua bilauri akaisuuza.

Avdhut alikuwa mgonjwa wa skizofrenia tangu alipokuwa chuoni akisomea uhandisi. Ugonjwa ulimjia na sauti ya mwanamume mmoja aliyemtangaza kutwa nzima, kama wanavyotangaza kriketi redioni: sasa anainuka, sasa anavaa kandambili, sasa anaelekea chooni, jamani, amesahau kufunga mlango! Avdhut mwenyewe alimwita Mtangazaji. Mwanzoni nyumbani walicheka, wakidhani ni utani wa vijana. Waliacha kucheka siku Mtangazaji alipoanza kumwambia kwamba chakula anachopewa kimewekewa kitu.

Basi kijana akagoma kula. Akawa anakula ndizi alizomenya mwenyewe na mayai ya kuchemsha aliyoyavunja mwenyewe, mpaka mifupa ya mabega ikamtoka kama henga la nguo. Siku moja alimkalia mama yake mbele, pale sakafuni, akainamisha kichwa. "Weka mkono utosini mwangu uape," alisema. "Hapo nitaamini."

Kwa watu wale hakuna kiapo kikubwa kuliko hicho. Mama anayeapa uongo huku mkono wake uko juu ya kichwa cha mwanawe, ndiye anayemuua mwanawe, na hatakuwa na wa kumlaumu. Wapo watu Kolhapur wanaomdanganya hakimu mahakamani bila kupepesa macho, na jioni hiyohiyo hawathubutu kugusa kichwa cha mtoto wao na kusema hawajala peremende ya mwisho. Vatsala aliweka mkono bila wasiwasi, kwa kuwa siku zile hakuwa akitia chochote. "Humu mna unga, maji na chumvi tu, mwanangu." Avdhut akala mkate wa mtama juu ya mkate wa mtama, akilia, na mama akampikia mingine, naye akilia.

Hayo yalikuwa kabla ya habari za Pune.

Baba mtu, Yashwant, mfanyabiashara wa sukari guru, alikuwa haamini utabiri wa hali ya hewa, haamini wanasiasa, na mizani ya mwenzake aliipima kwa mizani yake. Lakini siku alipoona kwenye simu kwamba kuna kliniki katika mji wa Pune inayotibu wagonjwa wa akili kwa seli shina, aliamini palepale, kabla hata video haijaisha. Walisema wanachota uboho kwenye mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, wanazitenga hizo seli, wanazirudisha mwilini kwa dripu, nazo zinapanda zenyewe mpaka kwenye ubongo kukarabati palipoharibika. Mtu aliyekaa miaka akimtazama mwanawe akibishana na ukuta, utamlaumu vipi?

Aliyewashangaza wote ni Avdhut. Vidonge alikuwa akivimeza kwa kugombana, leo ndiyo, kesho hapana. Hili alilikubali kwa furaha.

"Ni zangu mwenyewe, baba," alisema. "Zinatoka mfupani mwangu zinarudi mwilini mwangu. Hapo katikati hapapiti mkono wa mtu."

Kliniki iliwaambia aache vidonge vyote, eti seli zisisumbuliwe. Avdhut alivimwaga chooni akavuta maji, akapiga saluti.

Daktari Phadnis, bibi mmoja mwenye sauti nzito aliyekuwa akimtibu pale mjini tangu mwanzo, alimwita Yashwant wakae. "Bwana Yashwant, mimi mwenyewe naiombea siku hiyo ifike," alisema. "Watu wa maabara wanazikuza hizo seli wapate kuelewa ugonjwa huu unaanzia wapi, na pengine wajukuu wetu watafaidi. Ila kwa sasa hakuna aliyethibitisha kwamba zinautibu. Anayekuuzia leo anakuuzia matumaini. Na kama lazima uende, nakusihi, usimwachishe vidonge."

"Madaktari wa zamani hawapendi kupitwa," Yashwant alimwambia mkewe walipotoka nje.

Wakaenda Pune, wakarudi. Kwa wiki kadhaa Avdhut alikuwa mtu mpya kabisa, anaimba bafuni, anamtania baba yake kitambi. Halafu Mtangazaji akarejea, na safari hii alirudi na sauti kubwa zaidi. Mchana mmoja wa mwezi wa joto Vatsala alimkuta juu ya paa, miguu mitupu kwenye saruji inayounguza, vidole vimevuka ukingo, anasikiliza kwa makini mtu akimwelezea namna anavyoanguka. Alimshusha kwa kumshika kiuno kutoka nyuma, mama mfupi na kijana mrefu. Nyayo zake zilikuwa zimetoka malengelenge.

Kesho yake Vatsala alimwambia mumewe anakwenda hekaluni kwa mungu wa kike Ambabai. Hekaluni hakufika. Alikwenda kwa Daktari Phadnis akalia mpaka bibi yule akafunga mlango.

"Kuna dawa ya matone," daktari alisema hatimaye. "Inaingia kwenye maziwa au mtindi, hataijua. Lakini silipendi jambo hili, Vatsala. Ni la kuokoa maisha, si la kudumu. Akishatulia, tafuta siku umwambie. Umenielewa? Mwambie wewe, asije akaligundua."

Vatsala aliahidi, na alipoahidi alikuwa na nia kweli.

Avdhut alitulia. Akanenepa, akaanza kwenda karakana ya mjomba wake kutengeneza pampu za maji, akawa anarudi na mafuta meusi kwenye kucha na hadithi za wakulima wabishi. Na kila mtu akasema: seli! Yashwant alilitangazia soko zima la sukari guru. Kliniki nayo ikasikia, ikaanza kuwatuma wazazi wengine Kolhapur waje wajionee kwa macho yao. Ile siku ya kumwambia ilikuwa inasogea mbele kila ilipokaribia, kwa sababu angeanzaje? Wazimu wote wa mwanawe ulikuwa umejengwa juu ya jambo moja, kwamba kuna mtu anamtilia kitu kwenye chakula. Na sasa mtu huyo yupo, naye ni mama yake.

Mtangazaji alimwacha Avdhut. Hilo Vatsala alilijua kwa hakika, maana alikuwa amehamia kwake. Hakuwa mgonjwa, akili zake zilikuwa timamu, lakini kila aliposhika mkebe wa manjano alisikia ndani ya kichwa chake sauti ya mwanamume ikisema kwa utulivu: sasa anafungua kifuniko, sasa anatazama mlangoni, mkono unatetemeka kidogo leo, tone, tone, na sasa anakoroga, mama wa watu anakoroga. Alijaribu kuimba nyimbo za ibada ili asiisikie. Sauti ilimsubiri amalize ubeti.

Jumapili moja wakaja wageni kutoka Karad: mama mmoja aitwaye Pramila na binti yake Ketaki. Binti alikuwa na ugonjwa uleule. Vatsala alikuwa amekaanga pepeta kwa manjano na karanga, chakula kinachoandaliwa familia ya bwana inapokwenda kumtazama mchumba.

"Mama, nivae sari?" Avdhut alimuuliza akichungulia jikoni. "Nijifunike na uso kabisa, niwaletee chai huku nimeinamisha macho?"

"Toka hapa, mshenzi we! Nenda kachane nywele."

"Wakiniuliza kama najua kupika nisemeje?"

"Sema unajua kula."

Wageni wakamtazama Avdhut kama mchumba kweli. Pramila alimuuliza analala vizuri, anafanya kazi gani, bado anasikia watu? Avdhut akajibu yote kwa adabu na mzaha. "Kimya kabisa, mama," alisema, akigonga paji la uso. "Hata nashangaa. Mwili wangu wenyewe ulikuwa na dawa yake muda wote, imelala kwenye mfupa. Ilikuwa inasubiri kuamshwa tu." Macho yalimng'aa aliposema hivyo. Vatsala alikwenda kuangalia mchuzi ambao haukuhitaji kuangaliwa.

Ketaki alikuwa msichana mnene, mpole, mwenye mikono inayotetemeka kidogo na macho yanayocheka kabla ya mdomo. Pramila alimfuata Vatsala jikoni akaanza kukatakata vitunguu bila kuombwa, kama ndugu.

"Vidonge vinamtuliza," alinong'ona. "Siwezi kusema uongo. Ameanza hata kufundisha watoto wa mtaani hesabu. Lakini umeona alivyonenepa, dada, na mikono ile. Nani atamchukua? Analala kama gogo. Akicheka nacheka naye, halafu naingia ndani nalia."

"Na Pune wanasemaje?"

"Wanasema waanze mwezi ujao. Vidonge aache kesho." Kisu kikasimama. "Mara ya mwisho alipoacha alijitupa kisimani, kwetu shambani. Wakata miwa ndio waliomtoa. Kwa hiyo nakuuliza wewe, dada, kama mama kwa mama, wale wa kliniki siwaulizi. Ni seli kweli? Mwanao yuko hivi kwa sababu ya seli?"

Sasa anageuza uso, ilisema sauti kichwani mwa Vatsala. Anatafuta kijiko ambacho anacho mkononi.

"Si umemwona mwenyewe," Vatsala alisema.

Pramila alimkumbatia, na harufu ya vitunguu ikawafunika wote wawili. "Mungu akuwekee mwanao," alisema. Vatsala alijisikia mchafu kuanzia kwenye kucha. Lakini alijiambia: huyu ni mtoto wa mtu mwingine, ana mama yake, ana daktari wake. Wangu nimeshamtoa ukingoni mwa paa kwa mikono yangu. Kisha akafungua mkebe wa manjano, kwani ilikuwa saa ya chakula.

Wakaketi sakafuni kwenye mkeka, sahani mbele, bilauri pembeni. Mchuzi wa Kolhapur, kwa pilipili zake, si wa kuchezea, na watu wa Karad wanajigamba kwamba wanauweza. Ketaki alichovya mkate, akatia mdomoni, akapaliwa. Alikohoa machozi yakimtoka, akashika bilauri yake, ilikuwa tupu. Yashwant akacheka, "Ndiyo Kolhapur hiyo, binti yangu!"

"Shika wangu," Avdhut akasema, akimsogezea bilauri yake ya chuma. "Sijaugusa bado."

Ketaki akaipokea kwa mikono miwili.

Vatsala hakukumbuka kuinuka. Alijikuta ameishika bilauri, ameipokonya mdomoni kwa mgeni, mtindi umemwagikia nguo ya msichana na mkeka wote. Ketaki alikuwa bado ameshika hewa kwa mikono miwili.

"Nzi!" Vatsala alisema. "Kulikuwa na nzi, mwanangu, nisamehe. Ngoja nikuletee mwingine."

Avdhut alichukua bilauri mkononi mwake, taratibu, akatazama ndani. Akatazama mkekani, akapangusa mtindi kwa kidole.

"Hakuna nzi, mama."

"Ameruka."

"Kwenye mtindi ataruka vipi?" Hakusema kwa ukali. Alikuwa akimtazama kama anavyotazama pampu inayotoa mlio usioeleweka. Kisha uso ukaanza kumbadilika, kidogo kidogo, na Vatsala akaona kwamba anakumbuka bilauri zote za nyuma. Alisogea kwa magoti mpaka mbele yake, akainamisha kichwa. Nywele alikuwa amezichana vizuri kwa ajili ya wageni.

"Weka mkono, mama."

"Avdhut, mbele ya wageni?" Yashwant akasema, akijichekesha. "Acha mambo yako. Vatsala, mwapie basi, tumalize kula."

Vatsala aliinua mkono. Mdomo wake ulikuwa tayari kabisa kudanganya, ulikuwa umezoea. Neno moja tu na nyumba ingebaki ilivyo: mwanawe karakanani, mumewe sokoni kifua mbele, na yule msichana aliyelowa mtindi angerudi Karad, kesho asubuhi asimeze kidonge chake, na kisima kipo palepale. Aliushusha mkono mpaka akahisi joto la kichwa cha mwanawe kwenye kiganja. Haukugusa. Ulibaki hapo hewani, na hata sauti ile ya kichwani haikuwa na la kutangaza.

"Mna dawa," alisema.

Akaeleza yote, akimtazama Ketaki kwa kuwa hakuweza kumtazama mwingine. Paa, malengelenge, Daktari Phadnis, matone. Kwamba baada ya Pune Avdhut alikuwa ameumwa tena, tena zaidi ya mwanzo. Kwamba alipopona ilikuwa kwa matone.

"Mjinga we!" Yashwant alimaka. "Nimewaambia watu wote! Soko zima!" Halafu akasikia alichokisema, akafunika uso kwa kiganja.

Pramila alikuwa amesimama, anamvuta binti yake mkono. "Nilikuuliza jikoni," alimwambia Vatsala. "Nilikuuliza kama dada yangu."

Lakini Ketaki hakuinuka. "Kwa hiyo seli alikuwa nazo mwilini," alisema polepole, kama anayemsaidia mtoto hesabu, "na bado alipanda paani?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Basi mimi siachi vidonge vyangu, mama," Ketaki alimwambia Pramila. "Ninenepe tu."

Avdhut alikuwa bado amepiga magoti. Vatsala alingoja apige kelele, avunje sahani, hata ampige. Angeyapokea yote.

"Nilidhani ni mimi," Avdhut alisema. "Nilidhani ni mwili wangu umeweza."

Akainuka, akanawa mikono, akatoka uani.

Vatsala alikiweka kile kichupa dirishani kwa mwanawe, wazi, karibu na maji. Avdhut hakukigusa. Daktari Phadnis alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akakaa uani juani na miguu yake mibovu, akamsihi na kumwomba radhi. Avdhut alimsikiliza kwa heshima, akamsindikiza mpaka barabarani, akamtafutia na bajaji. "Na yeye alikuwemo," alimwambia baba yake aliporudi. Alinunua jiko la mafuta ya taa, sufuria, mchele na chumvi yake, vyote akavifungia kwenye sanduku la bati, na ufunguo akauvaa shingoni. Karakanani alikwenda kwa muda, kisha akaacha. Mjomba alisema anasimama katikati ya kazi na kuinamisha sikio, kama mtu anayesikiliza matokeo ya mechi.

Pramila alipiga simu kutoka Karad mara moja. Alisema Ketaki hajambo, anaendelea na vidonge, watoto wa hesabu wameongezeka. Alisema pia kwamba hajamsamehe Vatsala, lakini kila siku anamwombea. Vatsala akamshukuru kwa yote mawili.

Mchana mmoja alikuwa ameketi kizingitini akipepeta mchele. Chakula chake mwenyewe kilikuwa hakimshuki siku hizo, na bangili zilikuwa zinamteleza mpaka kwenye kiwiko. Avdhut alikuwa ng'ambo ya ua, amechuchumaa mbele ya jiko lake, midomo inacheza bila sauti. Aliepua sufuria. Alipakua wali na dengu kwenye sahani, akauvuka ua, akamwekea mama yake mapajani.

"Umekonda, mama," alisema. "Kula. Sijatia kitu."

Vatsala aliupeleka mkono kwenye sahani. Alimtazama mwanawe, macho yale yanayosikiliza kwingine, sufuria ile ambayo hakuna aliyeiona ikipikwa, na vidole vyake vikasita juu ya wali. Ni kitambo kidogo sana, lakini Avdhut alikiona.

Hakukasirika. Alimtazama kwa huruma kubwa, kama mtu aliyekaa peke yake ugenini miaka mingi na leo amepata mtu wa kwao.

"Umeona inavyokuwa?" alisema.

Akachuchumaa, akamega tonge kwenye sahani ileile, akalila yeye kwanza, polepole, akitafuna huku mama yake akimtazama koo.